Jina la Tazara: Kutoka Kifupisho Hadi Mahali

Msafiri atokaye Ifakara kwenda Dar es Salaam kwa reli hupanda treni katika stesheni iliyopewa jina la mji, kisha hushuka katika stesheni ambayo jina lake limekuwa jina la mahali. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya tofauti hiyo, na kuonyesha kwa nini yawapasa wafasiri na watumishi wa serikali kuizingatia.

Mkataba wa kujenga reli baina ya Tanzania na Zambia kwa msaada wa China ulitiwa sahihi Beijing mwezi Septemba 1967, mwaka uleule ambao Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria. Ujenzi ulizinduliwa mwaka 1970, na reli, yenye urefu wa kilometa 1,860, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Kwa kuwa iliipatia Zambia njia ya baharini isiyopita katika nchi zilizotawaliwa na walowezi, iliitwa Reli ya Uhuru.

Katika bonde la Kilombero reli iliyakuta majina tayari. Mang'ula, Ifakara, Chita na Mlimba ni majina ya wenyeji, nazo stesheni ziliyapokea. Dar es Salaam mambo yalikwenda kinyume. Stesheni kuu ilijengwa kando ya Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, karibu na inapokutana na Barabara ya Mandela. Watu walihitaji neno la kumwambia utingo wa basi, wakalichukua jina la mwenye stesheni. Mahali pakaitwa Tazara.

Ajabu ni kwamba TAZARA ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza. Kwa Kiswahili chombo hicho ni Mamlaka ya Reli ya Tanzania na Zambia. Hata hivyo, kifupisho kimeota mizizi, na sababu si ngumu kuiona. Kina silabi tatu, kila moja ikiishia kwa irabu, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo desturi ya lugha yetu. Vifupisho visivyo na umbo hilo, kama TTCL, hutajwa herufi moja moja. Jina la Reli ya Uhuru limebaki na heshima yake katika hotuba na vitabu, lakini kwa mkata tiketi neno fupi lilifaa zaidi.

Leo neno hili lina maana nne: mamlaka, reli yenyewe, treni, na mahali Dar es Salaam. Mtu husema "Tazara imechelewa" akikusudia treni, na "nashukia Tazara" akikusudia mahali. Katika mazungumzo hapana utata. Lakini mwalimu wa Ifakara aletewapo barua isemayo kwamba semina itafanyika TAZARA, ataelewaje? Aende stesheni ya mjini kwake, au asafiri hadi Dar es Salaam? Mwandishi wa barua alijua alichokusudia, msomaji hakuambiwa.

Pendekezo letu ni kwamba herufi kubwa zote zitumike kwa mamlaka peke yake. Mahali paandikwe Tazara, na stesheni itajwe pamoja na mji wake: stesheni ya Tazara, Dar es Salaam, stesheni ya Tazara, Ifakara. Kadhalika majina ya wenyeji yaandikwe kwa ukamilifu. Kibao kisemacho Mangula, bila ya alama ya ng', kinamfundisha mgeni kutamka jina lisilokuwapo.

Mwaka 2018 barabara ya juu ilifunguliwa katika njia panda hiyo, ikapewa rasmi jina la Mfugale. Wengi wangali wakiiita ya Tazara. Basi sisi wenye kazi ya kubuni istilahi tukumbuke kuijaribu kwanza midomoni mwa watu kabla ya kuipiga muhuri.