Mimi, Toutou na Ruhusa ya Kupita

Mwaka 1915 jeshi la wanamaji la Uingereza lilikuwa na mashua mbili ndogo za injini ambazo hazikuwa na majina. Ofisa aliyekabidhiwa, Geoffrey Spicer-Simson, akapendekeza ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa. Akarudi na majina mengine, Mimi na Toutou, na hayo yakapita. Kumbe ni yale yale, ila kwa Kifaransa cha mitaani: mlio wa paka na mlio wa mbwa. Sisi wasomaji wa Kiswahili tunapata na utani wa ziada ambao sidhani kama bwana yule aliukusudia. "Mimi ikakwama." "Mimi ikavutwa na maksai." Nimeisoma habari hii mara nyingi na sentensi hizo bado zinanichekesha.

Habari yenyewe husimuliwa kama kisa cha ujasiri na kichaa kidogo: Waingereza 28 wanasafirisha mashua mbili kutoka London hadi Ziwa Tanganyika kwenda kupigana na meli za Wajerumani. C. S. Forester aliigusa katika riwaya yake ya The African Queen ya mwaka 1935. Mimi kinachonivuta ni kitu kingine. Safari ile ilikuwa ya jeshi la nchi moja kupita katika ardhi ya nchi nyingine, na ukiiangalia hivyo, mapigano ziwani yanabaki kuwa sehemu fupi tu ya hadithi.

Tuanze na ziwa. Mashariki walikaa Wajerumani, magharibi Wabelgiji, na Waingereza walikuwa na kipande tu kule kusini. Wajerumani walikuwa na kitu kimoja ambacho wenzao hawakuwa nacho: reli moja, ya mwenyewe, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, kama kilomita 1,250, iliyokamilika mapema mwaka 1914. Meli yao kubwa, Graf von Götzen, iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika makasha kama 5,000, ikashushwa Dar es Salaam na kupandishwa treni. Ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Toka bandarini mpaka ziwani hakuna aliyeombwa ruhusa, kwa sababu njia nzima ilikuwa chini ya serikali moja.

Wabelgiji nao, vita ilipoanza, walitamani Kongo isiguswe. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliacha mlango wa makoloni ya eneo hilo kukaa nje ya vita vya Ulaya. Tumaini hilo halikudumu hata mwezi. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Kijerumani, Hedwig von Wissmann, iliishambulia meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune kule Lukuga, mahali tunapopaita Kalemie leo. Basi Wabelgiji wakaingia vitani, na wiki chache baadaye askari wao walikuwa wamevuka mpaka kuwasaidia Waingereza kuilinda Abercorn, yaani Mbala ya Zambia ya sasa. Kwa hiyo waliotangulia kuvuka walikuwa askari wa Kongo, na walivuka kwenda kuwaokoa Waingereza. Vitabu vya kisa cha mashua havilisemi hilo kwa sauti kubwa.

Wazo la mashua lililetwa London na mwindaji wa tembo, John Lee, aliyeijua njia. Ramani ilikuwa hivi: meli hadi Cape Town, kisha reli zaidi ya kilomita 3,000 kupitia Afrika Kusini, Bechuanaland na Rhodesia zote mbili mpaka Katanga. Reli hiyo nzima ilikuwa na upana mmoja, milimita 1,067, hivyo behewa lililopakiwa Cape Town liliweza kuingia Kongo bila mzigo kushushwa. Msidharau jambo hilo. Ulaya ya leo, na mikataba yake yote ya ulinzi, inahangaika bado na mpaka ambapo reli ya milimita 1,435 inakutana na ile ya milimita 1,520 iliyorithiwa kutoka Urusi, na vifaru vinasubiri. Jenerali Ben Hodges, alipokuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani huko Ulaya, alikuwa akidai "Schengen ya kijeshi", kwa sababu lori la raia lilipita mipakani kirahisi kuliko msafara wa washirika wenye vibali vya kuomba na madaraja ya kupimwa. Spicer-Simson angemwelewa vizuri sana.

Maana reli iliishia Fungurume. Mbele yake kulikuwa na pori na milima ya Mitumba, zaidi ya kilomita 200 mpaka kituo kinachofuata cha reli. Agosti 1915 kazi ikaanza: miti ikakatwa, mawe yakaondolewa, madaraja zaidi ya mia yakajengwa kwa magogo. Injini mbili za mvuke zilivuta mashua, na zilipozama au kuteleza, maksai walifungwa nira. Penye mteremko mkali, watu walishika kamba. Injini za mvuke zinakunywa maji kama ng'ombe, na ulikuwa msimu wa kiangazi, kwa hiyo wanawake wa vijiji vya njiani walibeba maji vichwani, maili kwa maili, kuzinywesha.

Hapo ndipo ninaposimama kila ninaposoma. Ushirikiano wa Uingereza na Ubelgiji ulikuwa kitu cha mezani, barua kati ya London na serikali ya Wabelgiji iliyokuwa uhamishoni Le Havre, Ufaransa. Porini, ushirikiano huo ulikuwa ndoo kichwani mwa mwanamke wa Katanga ambaye hakuwa na ugomvi na Mjerumani yeyote. Mashua zina majina, tena ya utani. Hata mbuzi wa kamanda wa meli iliyotekwa anatajwa vitabuni. Wabeba maji hawana hata jina moja. Wasimulizi wa Kizungu wanatuambia badala yake kwamba wenyeji wa ziwani walimsujudia Spicer-Simson kama mungu, eti kwa sababu ya chale zake na vazi lake la sketi. Labda walimshangaa. Mtu anayeoga hadharani kwa sherehe atatazamwa hata Kariakoo.

Na washirika wenyewe hawakupendana sana. Lee, mwenye wazo, aliondolewa kwenye msafara kabla ya kufika ziwani, akituhumiwa miongoni mwa mambo mengine kuwatukana Wabelgiji. Mashua zikafika Lukuga Oktoba, baada ya kushushwa Mto Lualaba na kupandishwa reli nyingine. Tarehe 26 Desemba ziliiteka Kingani, ikapewa jina Fifi. Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Ushindi ulikuwa huo. Wabelgiji walipotaka kuifuata Götzen, Spicer-Simson akakataa. Ndege za Waingereza zilizoazimwa kwa Wabelgiji ndizo zilizokwenda kuirushia mabomu Kigoma, na mwishowe Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, baada ya mafundi wake kuipaka mitambo grisi nyingi. Iliibuliwa 1924. Ndiyo Liemba.

Mwaka huo huo Wabelgiji walivuka kwa nguvu kutoka kaskazini na magharibi, wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba, mbele ya Jenerali Crewe wa Uingereza aliyekuwa akishuka kutoka Mwanza na kulalamika hana usafiri. Kwa kejeli ya mambo, sehemu ya usafiri wa Wabelgiji ilikuwa Waganda na wenzao, maelfu ya wapagazi walioazimwa na serikali ya Uganda. Kikosi hicho kiliitwa Carbel, na watu wake walikufa kwa kuhara, kichomi na baridi ya milima wasiyoizoea. Mshirika alimwazima mshirika miguu ya watu ambao wala hawakuulizwa.

Swali lililobaki ni la malipo. Wabelgiji walikuwa wamemwaga damu, ya askari wao wa Kongo zaidi, na walitaka kitu mkononi. Wakapata Ruanda-Urundi. Kigoma waliishika mpaka 1921, na hawakuondoka mikono mitupu: kwa mkataba wa Machi mwaka huo, Uingereza iliwapangisha maeneo bandarini Kigoma na Dar es Salaam, ambako mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ingepita bila kusumbuliwa na forodha. Kodi yake ilikuwa faranga moja kwa mwaka. Muda wa kupanga: milele. Wenyeji wa Dar waliyajua maeneo hayo kwa jina la Belbase.

Njia iliyofunguliwa kwa ajili ya vita, basi, ilibaki wazi kwa ajili ya shaba. Miaka 40 baadaye, Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, Nyerere aliliambia Bunge kwamba Uingereza ilikuwa ikiitawala Tanganyika kwa dhamana tu, na mwenye dhamana hawezi kugawa mali ya mwingine milele. Kongo, Rwanda na Burundi, waliojiona warithi wa haki za Ubelgiji, hawakukubaliana na hoja hiyo kirahisi. Tanganyika haikukataa mizigo ya majirani kupita. Ilikuwa tayari kuzungumza nao upya, ila si kwa faranga ile moja.