Stavanger: Makopo, Mafuta na Mikono

Mgeni afikaye Stavanger, kusini-magharibi mwa Norwe, huambiwa mapema kuwa huu ni mji wa mafuta. Ni kweli, ila ukweli huo una umri wa nusu karne tu. Kanisa kuu la mji lilianza kujengwa takriban mwaka 1125, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 riziki ya wakazi ilitegemea samaki aitwaye heringi. Alipoadimika katika miaka ya 1870, mji ukageukia makopo.

Kampuni ya Stavanger Preserving ilianzishwa mwaka 1873, na viwanda vingine vikafuata kwa makumi. Kilichoupa mji sifa ni brisling, samaki ambaye kwa udogo wake Mswahili angemwita dagaa. Walitungwa kwenye vyuma vyembamba, wakakaushwa kwa moshi wa kuni za mwaloni, wakakatwa vichwa, kisha wakapangwa koponi na kumiminiwa mafuta. Kutunga na kupanga kulikuwa hasa kazi ya wanawake, wakisimama saa nyingi kwa ujira mdogo. Lebo za makopo, ambazo wenyeji huziita iddis, zilikuwa na wafalme, mabaharia na warembo. Watoto walizikusanya na kubadilishana. 

Hata jina la samaki liligombaniwa. Wanorwe walimuuza kama sardini. Wafaransa wakapinga, na katika miaka ya 1910 mahakama za London zikawapa haki Wafaransa.

Mwaka 1969 mafuta yaligunduliwa Ekofisk, katika Bahari ya Kaskazini. Mwaka 1972 Bunge liliunda kampuni ya taifa, Statoil, na makao yake yakawekwa Stavanger. Mafuta hayakuukuta mji mtupu: bandari ilikuwepo, karakana za meli zilikuwepo, na watu waliozoea bahari.

Tarehe 27 Machi 1980 jukwaa la Alexander L. Kielland, lililotumika kama malazi ya wafanyakazi karibu na Ekofisk, lilipinduka. Kati ya watu 212 waliokuwamo, 123 walikufa. Jukwaa lilipewa jina la mwandishi mzaliwa wa Stavanger, ambaye riwaya yake Garman & Worse, iliyotoka miaka 100 kabla ya ajali, iliwachambua bila huruma matajiri wa mji wa bandari kama huo. Manusura na wafiwa walidai majibu kwa miongo kadhaa.