Notorious (filamu ya 1946)

Notorious ni filamu ya taharuki ya Marekani iliyotoka mwaka 1946, ikiongozwa na Alfred Hitchcock kwa mswada wa Ben Hecht. Kiini chake ni mapenzi yanayoharibiwa na kutoaminiana.

Alicia Huberman (Ingrid Bergman), ambaye baba yake amefungwa kwa uhaini, anaajiriwa na jasusi Devlin (Cary Grant) kufanya kazi Rio de Janeiro. Wawili hao wanapendana. Kisha linakuja agizo kwamba Alicia amnase Alexander Sebastian (Claude Rains), Mnazi aliyewahi kumpenda. Alicia anangoja Devlin amkataze. Devlin anangoja Alicia akatae mwenyewe. Kimya hicho kinamsukuma mwanamke kwenye ndoa asiyoitaka.

Sebastian anampenda mkewe kwa dhati. Anapogundua usaliti, yeye na mama yake wanaanza kumtilia sumu kwenye kahawa, kidogo kidogo.

Katika karamu, kamera inashuka kutoka juu ya ukumbi hadi kwenye ufunguo wa ghala la mvinyo, uliofumbatwa mkononi mwa Alicia. Busu la Alicia na Devlin linakatizwa mara kwa mara, kwa kuwa kanuni za maadili za Hollywood zilizuia mabusu marefu.

Mwishoni Devlin anakiri mapenzi yake, anamshusha Alicia ngazini na kumwacha Sebastian mikononi mwa wenzake. Rains na Hecht waliteuliwa kuwania tuzo za Oscar.