Rashasha Ni ya Nani? Vile Divizioni za Waingereza Zilipanga Silaha Zao, 1914–1918

Ndugu wanachama, wengi wetu tukisoma Vita Kuu ya Kwanza tunahesabu silaha: huyu alikuwa na rashasha ngapi, yule mizinga mingapi. Lakini kuna swali lingine ambalo maofisa walilibishania miaka minne: ile rashasha ni ya nani? Ni ya kapiteni aliye mbele na watu wake, ao ya jenerali aliye nyuma na ramani? Tuangalie jeshi la Uingereza, ju lilibadilisha jibu lake zaidi ya mara moja, na askari njo walilipa bei.

Mwezi wa 8 mwaka 1914, divizioni moja ya Waingereza ilikuwa na watu karibu 18,000, na ndani yake batalioni 12 za askari wa miguu. Kila batalioni ilikuwa na rashasha 2 tu. Divizioni nzima, basi, 24. Mkubwa wa batalioni njo aliamua ziwekwe wapi. Mwanzo wa 1915 zikaongezwa, zikafika 4 kwa kila batalioni.

Lakini shida haikuwa hesabu peke yake. Rashasha ya Vickers ilikuwa mzigo kweli. Bunduki pamoja na maji ya kupoza mtutu ilifika kama kilo 18, miguu yake mitatu ilipita kilo 20, halafu kulikuwa mikanda ya risasi 250 kila mmoja. Ilihitaji kundi la watu kama sita: mmoja anapiga, mwingine analisha mkanda, wengine wanaleta risasi na maji. Kitu kama hicho ukikiweka kati ya watu wanaokimbia kushambulia, kinabaki nyuma.

Mwezi wa 10 mwaka 1915, Waingereza wakaunda jeshi la pekee la rashasha, Machine Gun Corps. Vickers zikaondolewa polepole katika batalioni, zikakusanywa katika kompani za bunduki 16, kompani moja kwa kila brigadi. Ju divizioni ilikuwa na brigadi 3, hapo tunapata 48. Sasa wapigaji walifundishwa kazi moja tu, na waliweza kupiga kwa hesabu ya ramani, risasi zikipita juu ya vichwa vya wenzao na kuanguka mbali, ku barabara ambayo adui anapitishia chakula.

Batalioni haikuachwa mikono mitupu. Ilipewa Lewis, rashasha nyepesi ya kilo kama 12, inayopozwa na hewa, risasi 47 ndani ya sahani ya duara. Mtu mmoja anaweza kukimbia nayo. Mwanzoni zilikuwa 4 kwa batalioni. Kufika 1918 zilipita 30. Kwa hiyo jibu likawa hivi: chepesi kinashuka kwa wale wanaokimbia, kizito kinapanda kwa wale wanaopanga.

Mortie nazo zikafuata njia ile ile. Mwaka 1915 Wilfred Stokes alitengeneza mortie rahisi sana: bomba la chuma, sahani ya chini, na miguu miwili. Unaangusha bomu ndani, linaruka lenyewe. Hizo nyepesi zilipewa brigadi, 8 kwa kila moja. Zile za wastani zilikuwa chini ya watu wa mizinga wa divizioni, na nzito kabisa mwishowe zikapandishwa ngazi ya juu zaidi, ile ya kor. Askari wa mahandaki hawakuzipenda kila siku. Watu wa mortie walikuja, wakapiga, wakabeba chombo chao wakaenda. Adui akijibu, bomu lilimwangukia yule aliyebaki ndani ya handaki. Njo maana swali la nani anaamuru mortie halikuwa la makaratasi tu.

Mwaka 1917 divizioni ikaongezewa kompani ya nne ya Vickers, bunduki zikafika 64. Mwanzo wa 1918 kompani zote 4 zikaunganishwa kuwa batalioni moja ya rashasha, chini ya divizioni. Faida ilikuwa wazi: mkubwa mmoja, mpango mmoja. Lakini mkubwa wa brigadi hakuwa tena na kompani yake. Alipaswa kuiomba juu. Tarehe 21 mwezi wa 3 mwaka 1918, Wajerumani waliposhambulia, mabomu yalikata nyaya za simu na ukungu ukafunika macho. Siku kama hiyo, kuomba juu ni kazi ngumu.

Watu zaidi ya 170,000 walitumika katika Machine Gun Corps. Zaidi ya 62,000 kati yao waliuawa, walijeruhiwa ao walipotea. Mwaka 1922 jeshi hilo likavunjwa.

Mpango huo wote ulisimama juu ya reli, barabara na farasi. Katika vita hivyo hivyo vya huku Afrika Mashariki hapakuwa na hivyo vya kutosha, na ndorobo waliua wanyama wa mizigo. Wajerumani walipanga kompani ndogo zinazojitegemea, kila moja na rashasha zake na wapagazi wake. Force Publique yetu, iliyoingia Tabora tarehe 19 mwezi wa 9 mwaka 1916 chini ya Tombeur, nayo ilitembea juu ya mabega ya watu. Wakongomani zaidi ya 200,000 walibebeshwa mizigo katika vita hivyo, na wengi walikufa na magonjwa na njaa.

Vickers ilihitaji watu sita kule Ulaya. Huku ilihitaji hao, pamoja na msururu wa wabebaji wa risasi, wa chakula cha wapigaji, na wa chakula cha wabebaji wenyewe. Kwa hiyo ndugu, siku mukisoma hesabu ya silaha za Tabora, muulize pia nani alizibeba mpaka kule. Na mwenye babu ao nyanya aliyewahi kusimulia habari za tenga-tenga, aiandike hapa chini mbele haijasahaulika.