Barbara Lee
Barbara Lee (amezaliwa El Paso, Texas, 16 Julai 1946) ni mwanasiasa wa Marekani wa chama cha Democratic, aliyewakilisha Oakland katika Baraza la Wawakilishi kuanzia 1998 hadi Januari 2025. Kura yake inayokumbukwa zaidi ni ya 14 Septemba 2001, siku tatu baada ya mashambulizi ya New York na Washington: wabunge 420 walimruhusu rais kutumia nguvu za kijeshi, yeye peke yake akakataa. Hakudai wahalifu waachwe. Alichokipinga ni azimio lisilotaja nchi wala ukomo wa vita. Alitishiwa kuuawa, akawekewa ulinzi. Marais waliofuata walilitumia azimio hilohilo hadi Somalia, jambo lililoipa hoja yake uzito. Alipinga pia idhini ya vita vya Iraq mwaka 2002, na Juni 2021 mswada wake wa kufuta idhini hiyo ulipita Barazani kwa kura 268 dhidi ya 161. Wala hakuwa mtu wa kupinga tu: alishiriki kuandaa sheria ya 2003 iliyoanzisha PEPFAR, mpango ulioleta dawa za UKIMWI Tanzania, Kenya na Uganda. Mwaka 2025 alichaguliwa meya wa Oakland.