Mvuta Kasia Aliyekufa Vitani

Tukisoma habari za vita kuu ya 1914 mpaka 1918, twahesabu wafu kwa maelfu, na kusahau kwamba kila mmoja alikuwa na jina lake na kipaji chake. Basi leo twawasimulia habari za mmoja tu, Frederick Septimus Kelly.

Alizaliwa Sydney, katika Australia, mwaka 1881. Alisoma Uingereza, kwanza Eton, halafu chuo cha Balliol huko Oxford. Alisifiwa kwa mambo mawili: kupiga piano na kuvuta kasia. Mwaka 1903 alikuwa katika mashua ya Oxford iliyoshindwa na Cambridge. Lakini akiwa peke yake majini, alishinda Henley mara tatu, 1902, 1903 na 1905. Na mwendo wake wa mara ya mwisho haukupitwa kwa miaka zaidi ya 30.

Halafu alikwenda Frankfurt, katika Udachi, akakaa huko miaka akijifunza muziki. Mwaka 1908 alirudi katika mashua, kwa michezo ya Olimpiki. Safari hii walikuwa wanane. Wavuta kasia huipa njia mgongo. Mshika usukani tu ndiye aonaye mbele, na wote humwamini. Aliyezoea kushinda peke yake hana budi kufuata pigo la wenzake. Kelly alifuata. Katika shindano la mwisho walikutana na Wabelgiji wa Gent, waliokuwa wamewashinda Waingereza huko Henley mwaka 1906 na 1907. Mara hii Waingereza walishinda. Mshika usukani wao aliitwa Gilchrist Maclagan.

Vita ilipoanza, Kelly alikuwa na miaka 33. Aliingia katika kikosi cha mabaharia waliopigana nchi kavu. Tarehe 23 Aprili 1915, walipokuwa wakienda Gallipoli, rafiki yake Rupert Brooke, mtunga mashairi, alikufa kwa ugonjwa. Walimzika usiku katika kisiwa cha Skyros, na Kelly alikuwapo. Baadaye akamtungia muziki wa maombolezo. Siku mbili tu baada ya maziko hayo, Maclagan aliuawa karibu na Ypres, katika Ubelgiji.

Huko Gallipoli Kelly alijeruhiwa, akapata nishani ya ushujaa. Kisha akapelekwa Ufaransa. Tarehe 13 Novemba 1916, karibu na Beaucourt, aliwaongoza askari wake kuishambulia bunduki ya rashasha ya Wadachi. Akaanguka hapo, mwenye miaka 35.

Tufikiri kidogo. Wadachi walimfundisha muziki, Wadachi walimwua, naye alikuwa akienda kuwaua. Hatusikii kwamba alikuwa na chuki nao. Shule na walimu walimlea miaka mingi, na vita ilimwondoa kwa dakika moja, pamoja na nyimbo alizokuwa hajaziandika. Nishani ya ushujaa twaiheshimu. Lakini hasara yake, nani atailipa?