Tarakimu Nne, kutoka Enfield hadi Mabibo

Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, serikali ya Tanzania ilitaifisha benki za kigeni, Barclays ikiwemo, na kuunda Benki ya Taifa ya Biashara. Juni 27 mwaka huohuo, Barclays ilizindua Enfield, London, mashine ya kutolea fedha iliyobuniwa na John Shepherd-Barron. Yeye alitaka namba ya siri ya tarakimu sita. Mkewe Caroline akasema anaweza kukumbuka nne tu. Zikawa nne: namba 10,000, basi.

Kwa zaidi ya miaka ishirini mfanyakazi wa kiwanda cha Urafiki, jirani na Mabibo, Dar es Salaam, alitoa akiba yake dirishani, kwa kitabu na sahihi. Sheria ya 1991 ikaruhusu benki binafsi, na mwishoni mwa muongo huo ATM zikafika jijini humo.

Zilifika na ugonjwa wa zamani. Data ya utepe wa sumaku haibadiliki: kifaa kinachopachikwa penye tundu la kadi huinakili, kamera ndogo hunasa namba, na kadi bandia imepatikana. Tena, mwaka 1993 Ross Anderson wa Cambridge alikwishaonyesha kwamba wizi mwingi wa ATM ulitokana na uzembe wa uendeshaji na watu wa ndani ya benki, si na kuvunjwa kwa hesabu zinazoficha namba ya siri. Benki za Uingereza ziliwajibu wateja kwamba mfumo haukosei. Jibu hilo linaumiza kuliko wizi wenyewe, maana humgeuza aliyeibiwa kuwa mtuhumiwa.

Mabibo kuna hosteli ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Boom, yaani fedha za kujikimu za Bodi ya Mikopo, ikiingia, foleni ya ATM hurefuka, na mwenye kipindi humpa mwenzake kadi na namba amtolee. Kamera ya nini hapo?

Mwaka 2008 M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, ikampa namba ya siri hata muuza ndizi wa soko la Mahakama ya Ndizi asiye na akaunti benki. Matapeli nao wakahamia kwenye simu: “Ile hela itume kwenye namba hii.” Ujumbe huo humnasa hasa mtu mwaminifu, anayedaiwa kodi ya nyumba kweli na anayetaka kulipa. Serikali ikaamuru laini zisajiliwe kwa alama za vidole, mwisho Januari 20, 2020. Ujumbe uliendelea kuingia, mara nyingine kutoka laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wasiojua lolote.